Gauni la Bi Mahrizi

Felicitas hakuwa mtu wa kutazama tamthilia akanyamaza. Wenzake hutazama kwa macho, yeye alitazama kwa mdomo. Kibanda chake cha ushonaji pale Mwananyamala kilikuwa na cherehani mbili, pasi, na runinga iliyokaa juu ya kabati la vitambaa. Wateja walijua kwamba ukipeleka nguo wakati wa marudio ya mchana, utaondoka na risiti na maoni.

"Nyumba ile ya kitajiri ni ile ile ya Kawe," alikuwa akisema, sindano ikiwa mdomoni. "Kila tamthilia wanapanga hapo hapo. Pazia lile nimeshalizoea kuliko la kwangu." Au: "Mwanamke kalala na wigi, kaamka na wanja. Huyo kalala au kafa?" Hospitali za kwenye runinga ndizo zilizomchekesha zaidi. Zilikuwa na mgonjwa mmoja tu na daktari anayemsindikiza mpaka getini, na yeye anashona hatua chache kutoka hospitali ya kweli, anaona watu wanavyolala kwenye benchi. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa la jikoni. "Hakuna anayepika humu. Familia inagombana tangu mwaka jana, hajawahi mtu kumenya hata kitunguu. Nguvu ya kugombana wanaitoa wapi?"

Hayo yalikuwa maoni ya kawaida. Yapo mengine ambayo aliyasema akiwa amesimamisha cherehani kabisa, nayo yalimhusu Bi Mahrizi.

Bi Mahrizi alikuwa mama mkwe wa tamthilia ya saa mbili usiku. Alivaa dhahabu asubuhi, aliongea taratibu, na alimtesa mkwe wake bila kupandisha sauti. Felicitas alimchukia kama mtu anavyomchukia jirani aliyemhamishia mpaka. Alhamisi ile mchana, marudio yalikuwa yamefika pale Bi Mahrizi anapomtoa mkwe wake nje kwenye mvua, na mimba yake, na begi lake. Jovina, mwenye duka la vipodozi la jirani, alikuwa ameacha duka lake wazi ili aje kuumia vizuri. Wanawake wengine wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamejishika mashavu.

Hapo pazia la mlangoni likafunguliwa, akaingia Bi Mahrizi.

"Hodi humu. Nimemkuta fundi?"

Walimtazama yeye, wakatazama runinga, wakamtazama tena. Hakuwa na dhahabu wala wanja. Alikuwa na khanga begani na ndala miguuni, uso umepungua kidogo kuliko wa kwenye runinga, lakini ni yeye. Alitoa gauni la bluu kwenye mfuko, akalikunjua.

"Naomba uniachie kidogo hapa kiunoni, mama. Jumamosi nina shughuli, nimejaribu jana zipu imegoma."

Felicitas alitoa sindano mdomoni. Wote waliokuwapo walikuwa wakimngoja yeye, na yeye alijua kwamba wanamngoja.

"Mie simshonei mtu anayemtoa mkwe wake nje na mimba."

Yule mwanamke akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeshaambiwa hayo sokoni na kanisani. "Ile kazi tu, mama."

"Kazi? Wenzako wanacheza uuguzi, wanacheza ualimu. Wewe roho ile umeitoa wapi, kama humo ndani haimo?"

Benchi likacheka. Jovina alikuwa ameshainua simu yake. Felicitas alipoona hadhira imekubali, akaongeza. "Nenda kamtunze mkwe wako kwanza, ndiyo uje na magauni."

"Mkwe bado sijapata, mama. Ndiyo kwanza natafuta."

"Basi atakayekupata, Mungu amsaidie. Mama mwenye akili zake hawezi kukupa mtoto."

Lile tabasamu likaondoka. Yule mwanamke aliitazama runinga, akajiona humo akifunga mlango mvua ikinyesha, kisha akamtazama Felicitas usoni kwa muda ambao haukuwa wa kawaida. "Ahsante, fundi," alisema, akatoka. Gauni lake likabaki juu ya kiti.

*

Jioni Felicitas alikuwa jikoni akihesabu nani atakaa kiti gani Jumamosi, maana Jumamosi watu wa Temeke walikuwa wanakuja kujitambulisha. Mtoto wake Noela, mwalimu wa chekechea, alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Albano, mchonga vinyago, kijana mpole ambaye kila akija alivua viatu mbali na mlango. Mama Noela hakuwa na neno naye. Watu wa kwao kijana alikuwa hajawahi kuwaona, na hivyo ndivyo ilivyo adabu: mama na mama hukutanishwa na mshenga, hawatangulii wenyewe.

Noela aliingia na simu mkononi. Hakusalimia.

"Mama, umefanya nini?"

Kwenye simu ilikuwa video aliyoirekodi Jovina kibandani, akaiweka kwenye status yake ya WhatsApp tangu mchana. Felicitas alijiona amesimama, mkono kiunoni, na akasikia benchi likicheka. Akaanza kucheka na yeye, maana ilikuwa imetoka vizuri.

"Usicheke, mama. Huyo ni mama yake Albano."

"Nani?"

"Huyo. Anaitwa Bernadeta. Ndiye anayekuja keshokutwa."

Felicitas alikaa juu ya kigoda, mwiko mkononi. Mume wake Ansbert, aliyekuwa sebuleni akisikiliza taarifa ya habari, akapunguza sauti.

"Ulisema mama yake anajishughulisha," alisema Felicitas.

"Si ndiyo anajishughulisha. Ningekwambiaje, mama? Kila siku saa mbili unamlaani mpaka majirani wanaitikia. Nikasema nitakwambia wiki ijayo. Kila nikifungua mdomo, tamthilia inaanza." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. "Nampigia Albano hapokei. Mie nimekaa na huyu kijana miaka mitatu. Sasa wewe umemaliza kwa maneno mawili, tena watu wanacheka."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Kama angeubamiza, mama yake angepumua.

"Niende Temeke kesho asubuhi," alisema Felicitas. "Nimpigie magoti."

Ansbert alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa karani wa stoo kwa maisha yake yote na alipenda mambo yakae kwenye rafu zake. "Huendi. Mama wa binti hatangulii kwa mvulana. Watasema umekwenda kumnadi."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui." Kisha akasema, bila ukali: "Lakini wewe, mama Noela, yule mwanamke humchukii. Unamchukia mama yangu."

Felicitas alikoroga sufuria ambayo moto wake ulikuwa umeshazimwa. Mama yake Ansbert alikuwa amefariki zamani, kule Muleba, na kwa miaka yote aliyoishi na mkwe wake, hakuwahi kumaliza sahani moja iliyopikwa na Felicitas. Hakumtukana hata siku moja. Alionja, akasukuma sahani, akasema ameshiba.

"Mama yako alikuwa haigizi," alisema.

Ansbert akarudi sebuleni. Saa mbili ilipofika, hakuna aliyewasha runinga.

*

Ijumaa Felicitas alifungua kibanda mapema, akalitandika lile gauni mezani. Kazi ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho. Alilifumua ubavuni, akakuta kitambaa cha akiba kipo cha kutosha, kisha akakwama. Hakuwa na vipimo. Mwenye gauni alikuwa amefukuzwa kabla futi haijamgusa.

Akafumba macho. Akamwona Bi Mahrizi anakaa kwenye sofa la kijivu, anasimama, anageuka kwa ule mgeuko wake wa nyoka, anainama kuokota barua isiyomhusu. Mwili ule aliujua. Akachukua chaki, akachora, akakata, na mguu ukaanza kwenda kwenye cherehani.

Jovina aliingia marudio yalipokaribia, akashangaa kuona kioo cha runinga cheusi. "Umeme umekatika?"

"Haujakatika. Ile video umefuta?"

"Nimefuta, mama Noela. Ila watu wameshaona. Na mie nilikuwa sijui." Jovina akakaa kwenye benchi, akashusha sauti. "Wamesemaje huko Temeke?"

"Albano kapokea simu asubuhi. Kasema watakuja kama ilivyopangwa. Mama yake hajasema kitu."

"Si afadhali?"

"Jovina, wewe unatazamaga au unasinzia? Bi Mahrizi akinyamaza ndiyo mbaya. Ule wosia aliubadilisha baada ya kunyamaza siku mbili."

Alisema hivyo kwa hofu ya kweli, na wala haikumjia kwamba anawachanganya watu wawili. Alimwona Bernadeta anaingia sebuleni kwake na dhahabu zake, anakaa, anangoja kila mtu awepo, halafu anasema taratibu kwamba posa wameifuta. Alimwona Noela amesimama na sinia. Au mbaya zaidi: wanaendelea na posa, wanamchukua mtoto, na kule Temeke mtoto anapakua chakula, mtu anaonja, anasukuma sahani. Mshono ukaenda upande. Akaufumua, akaanza upya.

Kitu kimoja kilimsumbua alipokuwa akipiga pasi. Temeke nzima haina fundi? Mtu anatoka huko kote na gauni moja mpaka Mwananyamala, kufuata nini? Hakupata jibu, akalitundika gauni nyuma ya mlango wa chumba chake.

*

Jumamosi watu wa Temeke walifika wanne: mshenga aitwaye mzee Wilfred, mwenye koti lililokuwa kubwa kwake, shangazi wa kijana, Albano mwenyewe, macho chini, na Bernadeta, amevaa kitenge cha kawaida kilichofungwa kwa khanga kiunoni, kwa kuwa gauni lake la maana halikuwepo. Dirishani vichwa vya majirani vilijaa mpaka chumba kikaingia giza. "Ndiye huyo," mtu alinong'ona, na mwingine akajibu, "Mbona mfupi?" Bernadeta alisikia. Alirekebisha khanga yake, akatazama sakafu.

Felicitas alikuwa jikoni, amejificha nyuma ya ndizi na nyama. Noela, aliyekuwa hajaongea naye neno la ziada tangu juzi, alikuja akamfunga kilemba vizuri.

Huko sebuleni mzee Wilfred alikohoa. "Sie ni wapita njia," alianza. "Kwetu Temeke moto umetuzimikia. Tumetembea, tumeona nyumba hii inafuka moshi, tukasema hawa hawawezi kutunyima kaa la moto."

"Karibuni," alijibu Ansbert. "Moto tunao. Sijui kama mnajua kuukoka."

"Tutafundishwa. Ila moto hauombwi kwa baba peke yake. Mwenye jiko yuko wapi?"

Ikabidi Felicitas atoke. Kwao Bukoba mgeni wa heshima hupokelewa kwa buni za kutafuna, punje za kahawa zilizokaushwa na majani ya kunukia. Mgeni akichukua, ameingia nyumbani. Asipochukua, hana haja ya kukaa. Felicitas alizibeba kwenye kikapu kidogo kwa mikono miwili. Akampa mzee Wilfred, akachukua. Akampa shangazi, akachukua. Akafika kwa Bernadeta, akapiga magoti, akanyoosha kikapu.

Bernadeta hakunyoosha mkono.

"Fundi," alisema, kwa ile sauti ya taratibu ambayo mtaa mzima uliijua. "Gauni langu liko wapi?"

Noela alishika fremu ya mlango.

"Lipo tayari, mama."

"Nani kakwambia ulishone? Si ulisema hunishonei?"

"Nilisema." Felicitas hakushusha kikapu. "Nilikosea. Nilikutukana mbele ya watu, na hukuwa umenifanyia kitu. Kama una hasira, ni haki yako, niadhibu mie. Mtoto hakuwepo."

Mzee Wilfred aligeuka huku na huku, hajui ukurasa gani wamefika. Bernadeta aliwatazama wote, kisha akashusha pumzi, na uso wake ukawa wa mwanamke aliyechoka.

"Na mie nina langu la kusema. Temeke mafundi wapo. Nyumba yangu imezungukwa na cherehani, asubuhi siwezi kulala. Albano aliniambia mama yake Noela ni fundi wa Mwananyamala. Nikasema niende kama mteja, nimwone huyo mtu kabla adabu hazijatukalisha mbali mbali."

"Ulikwenda bila sisi?" aliuliza mzee Wilfred.

"Nilikwenda, kaka."

"Mama wa mvulana? Kuchungulia?"

"Kuchungulia, kaka. Na nilichokwenda kukichungulia nikakiona."

Dirishani mtu alicheka, akazibwa mdomo. Bernadeta hakucheka bado. "Niliumia," alimwambia Felicitas. "Sitakuficha. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi nje ya hospitali, watu wakadhani nimefiwa. Sokoni wananibania bei, kanisani kuna mama hanipi mkono wa amani, nimezoea. Lakini uliposema mama mwenye akili hawezi kunipa mtoto, nikaona mwanangu nimemharibia. Nikakaa, nikalia. Halafu nikawaza: huyu mwanamke anamgombania mkwe wa kwenye runinga, mtu asiyemjua wala hamlipi, mpaka anaacha pesa ya mteja. Aliyemzaa mwenyewe amemleaje? Nikasema huyo huyo ndiye ninayemtaka nyumbani kwangu."

Akanyoosha mkono, akachukua buni. Akachukua mbili.

Ansbert na Albano walimwinua Felicitas, mmoja kila upande. Alilia kwa sauti, mbele ya wakwe, mbele ya dirisha, wala hakuona aibu. Mlangoni Noela alisikika akicheka na kulia kwa pamoja, na shangazi akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, mzee Wilfred akamkaripia kwamba mahari haijatajwa.

*

Wakati wanaume wanataja hiyo mahari, wale mama wawili waliingia chumbani kujaribu gauni. Zipu ilipanda bila kubembelezwa. Bernadeta aligeuka mbele ya kioo, akajishika kiuno, akageuka tena.

"Mie hukunipima."

"Nilikupima."

"Lini?"

"Kila siku saa mbili usiku."

Hapo Bernadeta alicheka mpaka akakaa kitandani, na gauni halikumbana popote. Alipotulia akapangusa macho. "Haya, mtazamaji. Sema ukweli. Bi Mahrizi ana kasoro gani, ukiacha roho mbaya?"

Kama mtu anamwuliza samaki kuhusu maji. Felicitas alikaa pembeni yake. "Hapiki," alisema. "Halafu kufukuza mtu kwenye mvua ni mambo ya kitoto. Mama mkwe wa kweli hafukuzi. Anaonja, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Na kesho hivyo hivyo. Hiyo inauma kuliko mvua, mkwe. Mie naijua."

Bernadeta alimtazama. "Na siku akitubu? Maana wanataka atubu, hawajui vipi. Wanasema apige magoti, alie."

"Asilie. Wanalia wote humo. Apike. Ampakulie mkwe, akae naye mpaka amalize."

"Sijui kama watanisikiliza."

"Waambie ni maoni ya fundi."

*

Noela aliolewa baada ya Pasaka, akahamia Temeke. Siku za mwanzo Felicitas alipiga simu asubuhi na jioni, akiuliza habari za maji, za umeme, za kila kitu isipokuwa kile alichotaka kuuliza. Noela alijibu kwamba yuko salama. Salama ni neno pana, na mama yake hakuridhika nalo.

Mchana mmoja wa marudio, maana usiku uliotangulia umeme ulikatika saa mbili, Jovina alikuwa kwenye benchi, na Felicitas anatia vifungo. Kwenye runinga Bi Mahrizi alitoka sebuleni, akapita mlango ambao haujawahi kufunguliwa tangu tamthilia ianze, akaingia jikoni. Hakuwa na dhahabu. Alikuwa amevaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, na Felicitas akautambua mshono wake. Bi Mahrizi alichukua kisu, akaanza kumenya ndizi.

Simu ikaita. "Mama, unatazama?" Ilikuwa Noela, na nyuma yake sauti nyingine ilikuwa ikiuliza, "Anasemaje? Muulize, anasemaje?"

"Mwambie ndizi hazimenywi hivyo. Anapoteza nusu."

"Anasema unapoteza nusu," Noela alipeleka ujumbe, na huko Temeke mtu akacheka. Felicitas alisikia pia kijiko kikigusa sahani.

"Unakula?"

"Nakula. Leo kapika mama. Kakaa hapa ananisimamia, eti nisiache kitu."

Mama nani, Felicitas alitaka kuuliza, maana kwa Noela mama alikuwa mmoja. Hakuuliza. Kitu kilichokuwa kimemkaba tangu ile Alhamisi, na pengine tangu Muleba, kiliachia, akavuta pumzi mpaka kifungo kikamdondoka.

"Kula, mwanangu," alisema. "Maliza."

Alipokata simu, Bi Mahrizi alikuwa amepakua. Alimsogezea mkwe wake sahani mezani, akavuta kiti, akakaa. Jovina alikuwa ameinuka kwenye benchi, mkono kifuani.

"Mie namjua huyu. Humo kaweka sumu."

"Hakuna sumu," alisema Felicitas, akainama kutafuta kifungo chake. "Kaa utazame."